Mabinti wa Raga, na Kiwanja cha Fumba

Nimesomesha michezo katika skuli za Unguja mpaka nikastaafu, na hapa Fumba hakuna anayeniuliza habari za raga. Barazani wanasema ni Wazungu kukamatana na kuangushana, basi. Mimi nawaambia: ukitaka kujua mwanamke wa Afrika Mashariki anafikaje kuvaa jezi ya taifa lake mbele ya dunia, watazame mabinti wa raga wa Kenya, wale wanaoitwa Lionesses, na hasa wawili, Janet Okello na Philadelphia Olando.

Mchezo wenyewe uliletwa na walowezi. Chama cha raga cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1953, na mwaka 1955 timu ya Lions ya Uingereza na Ireland ilipita Nairobi ikaishinda Afrika Mashariki 39 kwa 12. Wanawake walikuja baadaye sana. Kilichowafungulia njia ni raga ya wachezaji saba, yenye vipindi viwili vya dakika saba saba. Muda ni mfupi, lakini ni mbio tupu, na asiye na pumzi huonekana mapema. Michezo ya Olimpiki ilipoupokea mchezo huo kwa mara ya kwanza, Rio 2016, Afrika ikapewa nafasi yake ya kufuzu.

Hapo ndipo kilipozuka kisa ambacho watu hupenda kukicheka. Katika mashindano ya kufuzu ya mwaka 2015 Afrika Kusini ilikuwa ya kwanza, Kenya ya pili. Lakini kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini ilikuwa na msimamo kwamba kufuzu kwa kuwashinda Waafrika wenzao hakutoshi, ikakataa kuipeleka timu. Nafasi ikaangukia Kenya. Waliokebehi walisema mabinti wameingia kwa mlango wa uani. Sawa, wameingia kwa mlango wa uani. Mbona wanawake wa mwambao tumeingilia huko miaka yote, na shughuli zikafanyika? Ambaye hakuwa na timu iliyokwisha kufanya mazoezi asingefaidika hata mlango ungeachwa wazi mwaka mzima.

Huko Rio New Zealand iliwachapa 52 kwa 0. Sikutegemea tofauti na hivyo. Wakamaliza kwa kuifunga Colombia 22 kwa 10, wakawa wa 11 kati ya timu 12. Kwa Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, mambo yakajirudia: Afrika Kusini ikashinda kanda, haikupeleka timu, Kenya ikaenda. Safari hii Olando ndiye nahodha. New Zealand ile ile, iliyoondoka na dhahabu, iliwashinda 29 kwa 7. Wasiojua mpira wataona kufungwa ni kufungwa. Mwalimu wa michezo anaona kutoka 52 kwa 0 hadi 29 kwa 7 ndani ya miaka mitano, na anajua kuna watu waliotoka jasho. Kisha wakaishinda Japani, wenyeji wenyewe, 21 kwa 17, wakamaliza wa 10. Okello alikuwemo Rio na Tokyo, na Japani ameijua zaidi ya hapo, maana amewahi kwenda kucheza klabu huko.

Lakini raga haina huruma. Wiki chache baada ya Tokyo, timu ya Kenya ya wachezaji 15 ilikutana na Colombia jijini Nairobi kuwania njia ya Kombe la Dunia. Colombia ikashinda 16 kwa 15. Pointi moja!

Sasa turudi kwetu. Wasinambie kwamba mwanamke wa Unguja hajawahi kukimbia mbele ya watu. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, na sisi wasichana wa skuli tulipangwa humo kwenye halaiki za Mapinduzi, Januari 12, serikali nzima ikitutazama. Netiboli tumecheza, na aliyekuwa hodari aliweza kupata ajira katika vikosi vya serikali, KVZ au JKU. Kisha wakaja Women Fighters, wanawake wa mjini waliocheza mpira wa miguu wakisemwa kila mtaa. Nassra Juma Mohamed akawa kocha wao, na mwaka 2007 Florence Ayisi akatoa filamu juu yao, Zanzibar Soccer Queens. Kwa hiyo miguu ipo na moyo upo. Kilichokosekana ni ngazi ya kupandia. Machi 2017 Zanzibar ilipewa uanachama wa CAF, shirikisho la mpira wa miguu la Afrika. Julai ya mwaka ule ule ikaondolewa, ikaambiwa si nchi. Basi msichana wa hapa akitaka mechi za kimataifa zinazotambuliwa na FIFA, avae jezi ya Tanzania, akishindana na wenzake wa Bara walio karibu na makocha na ligi.

Na Fumba si mahali pa kudharau. Siti binti Saad alizaliwa hapa, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurikodi nyimbo zake. Alikuwa na sauti, ndiyo, lakini alipata pia mahali pa kujifunzia na watu wa kumsikiliza.

Leo mashamba yetu yanageuka majumba, na barabara ya kutoka Kiembe Samaki imejaa malori ya saruji. Sina ugomvi na majumba. Ila uwanja wa raga ni mita 100 kwa 70, na huo huo unatosha mpira wa miguu na mazoezi ya kila aina. Masheha, wenye miradi na wazee wa Fumba, tengeni kiwanja kimoja kabla viwanja vyote havijauzwa, na kiandikwe kwamba saa za jioni ni za wasichana.