Kanisa la Yatta: Kutoka Kibanda cha Krapf hadi Paa la Mabati

Katika vijiji vya Kanyangi, katika Yatta, kati ya mto Athi na mto Tiva huko Kitui, kanisa hutambulika kwa paa kabla ya msalaba. Utaona bati refu likimetameta juani, kisha tangi la maji pembeni. Ukitaka kujua kwa nini nyumba ya ibada imekaa hivyo, anza na kiu ya mtu mmoja.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani mwenye makao Rabai, alifika Ukambani mara ya kwanza mwaka 1849. Mwaka 1851 alirudi akikusudia kufungua misheni Yatta, lakini alichopata ni kibanda kidogo tu. Akafuatana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake nyikani, akajaza maji kwenye mitutu ya bunduki kwa kukosa chombo. Misheni ya Yatta ikafia hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri wa Kijerumani walifungua kituo Ikutha, baadaye Mulango. Desemba 1895, Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alianza kazi Nzaui, Makueni ya leo. Mwaka mmoja baadaye alikuwa kaburini.

Upande wa Wakatoliki, Kitui ilitengwa kuwa eneo la kitume mwaka 1956, chini ya William Dunne wa Shirika la Mtakatifu Patrick la Ireland. Novemba 16, 1963 ikawa jimbo kamili. Desemba 4, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia. Desemba 12, Kenya ikapata uhuru. Hayo yote ndani ya wiki nne! Miaka iliyofuata, altare ilibanduka ukutani, padri akawageukia waumini, Kikamba na ngoma vikaingia Misani. Tangu hapo anayejenga kanisa hana budi kuacha nafasi mbele, maana wanaoleta vipaji huja wakicheza.

Kigango, yaani kanisa dogo la kijijini, huku huanzia chini ya mti. Baadaye hupata kibanda cha miti na udongo, na kikikua, watu huitana kwa mwethya, ule ushirika wa kazi wa Wakamba. Wanaume hufyatua matofali na kuyachoma kwenye tanuri. Akina mama husomba maji na mchanga kutoka mto uliokauka. Fundi mwenye akili huelekeza kuta ndefu kaskazini na kusini ili jua la jioni lisiwapige waumini, na huacha matundu ya hewa juu ya linta. Mnara ni gharama: mara nyingi kengele ni ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini, ikigongwa kwa kipande cha chuma.

Fedha nyingi huishia juu, kwenye kenchi, mabati na gata. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kanisa la mita 10 kwa 25 likinyeshewa milimita 40, hukinga karibu lita 10,000, ukiacha kidogo kinachopotea. Hakuna nyumba ya mtu kijijini yenye paa la kiasi hicho.

Ndiyo maana mvua za vuli zikiangukia katikati ya mahubiri, hakuna anayenung'unika. Bati hunguruma, padri hunyamaza kwa kuwa hasikiki, na mzee wa kanisa hutoka mbio kuona kama gata limeziba majani. Akirudi amelowa, watu humtazama usoni. Akiitikia kwa kichwa kwamba maji yanaingia tangini, wimbo huanza bila kusubiri mahubiri yaishe.