Kukinga Mtambo wa Saa na Vumbi: Historia ya Kitu na Majina Yake

Katika Kiswahili tunasema kwamba mtu "ametia saa ufunguo" hata kama saa yenyewe ni ya mkononi na haijapata kuwa na ufunguo tangu itoke kiwandani. Anachofanya ni kusokota kwa vidole kile kichwa kidogo kilicho ubavuni mwake. Usemi huu si kosa, wala hatuna sababu ya kuufuta. Ni ukumbusho wa wakati ambapo saa ya mfukoni ilikuwa na tundu, na ufunguo ukapitishwa katika tundu hilo kila siku ili kuikaza kamani. Tundu hilo ndilo lililokuwa mlango mkuu wa vumbi.

Historia ya kuukinga mtambo wa saa na vumbi ni historia ya kuziba matundu, moja baada ya jingine. Kila tundu lilipozibwa, wenye biashara walizua neno la kulisifia kasha, na kadiri miaka ilivyopita maneno hayo yalizidi kuahidi kuliko fundi alivyokuwa ametenda. Wafasiri hukutana nayo katika vijitabu vya maelezo, katika hati za forodha na katika mikataba ya ununuzi wa vifaa. Yafaa basi waijue historia hiyo kabla ya kuchagua neno la Kiswahili la kuwekwa mahali pake.

Kwanza tueleze kwa nini vumbi liogopwe kiasi hicho. Katika saa nyingi za zamani za mkononi za kamani, gurudumu la mizani hupiga mara tano katika kila sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa moja na mara 432,000 kwa siku. Ncha za mhimili wake ni za chuma cha pua, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, karibu sawa na unywele. Fundi huweka hapo tone la mafuta ambalo haliwezi kuonekana vizuri bila lenzi. Vumbi likiingia hulinyonya tone hilo na kulihamisha mahali linapotakiwa. Yanayobaki huchanganyika na chembe yakawa kama uji mzito, na saa huanza kuchelewa, kisha husimama.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwashangaza wengi. Mhimili wa chuma cha pua unapozunguka katika tundu la shaba ya manjano, tungetazamia kwamba itakayolika ni shaba, maana ndiyo laini. Aghalabu huwa kinyume. Chembe ya mchanga huzama katika shaba na kushikwa pale. Kisha hugeuka jino la tupa, na kinachosagwa ni ule mhimili mgumu unaozunguka juu yake. Mwaka 1704 Nicolas Fatio de Duillier, mwanahisabati wa Uswisi aliyekuwa akiishi London, pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Debaufre, walipata hataza ya kutumia mawe ya thamani yaliyotobolewa mahali pa matundu ya shaba. Yakuti ni gumu mno. Chembe haiwezi kuzama ndani yake. Mawe yale ambayo idadi yake huandikwa kwenye uso wa saa, na ambayo wanunuzi wengi huyadhania kuwa mapambo, yamo kwa ajili ya kazi.

Lakini jiwe halizuii vumbi kuingia. Hupunguza tu madhara yake. Kazi ya kuzuia ilikuwa ya kasha. Kuanzia karne ya 17 mafundi wa Uingereza walizoea kuivika saa makasha mawili: la ndani, lenye mtambo na tundu la ufunguo, na la nje lililolifunika hilo tundu. Kati ya makasha hayo paliwekwa kipande cha karatasi au kitambaa kilichokatwa kwa umbo la duara, ili yasigongane na ili vumbi linaswe humo. Mafundi wa kutengeneza saa hawakuchelewa kuona kwamba karatasi hiyo ni mahali pazuri pa kupiga chapa jina na anwani zao, nayo ikawa tangazo la biashara ambalo mteja alilibeba mfukoni mwake. Katika karne ya 18 iliongezwa kofia ya shaba iliyoufunika mtambo wenyewe, ikafungwa kwa kikomeo chembamba cha chuma. Waingereza waliiita, kwa lugha yao, kofia ya vumbi. Wasemaji wa Kifaransa, ambao saa zao zilikuwa na kifuniko cha pili cha ndani, walikiita *cuvette*, yaani kibeseni.

Tuyaangalie majina hayo mawili. Moja lataja kofia, la pili lataja kibeseni. Yote mawili yanaeleza umbo la kitu na mahali kilipo, na hakuna hata moja linalomwahidi mnunuzi kwamba vumbi halitaingia. Mafundi wale walijua kwamba litaingia. Ufunguo wenyewe ulikuwa na uwazi katika ncha yake, ukakaa mfukoni pamoja na nyuzi za nguo na unga wa tumbaku, na kila usiku uliyasukuma yote hayo ndani ya saa.

Kuuondoa ufunguo kulichukua muda. Thomas Prest, Mwingereza, alipata hataza mwaka 1820 kwa njia ya kukaza kamani bila ufunguo, lakini njia iliyoenea zaidi ilitokana na Adrien Philippe, Mfaransa, ambaye saa yake ilipata medali katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1844. Hataza yake ni ya mwaka 1845, na baadaye alishirikiana na Antoine Patek huko Geneva. Kwa mtambo wake, kichwa kimoja cha nje kilitumika kukaza kamani na pia kurekebisha akrabu. Waingereza waliipa saa ya namna hii jina la kile ilichokikosa: saa isiyo na ufunguo. Sisi tuliuhifadhi ufunguo katika kitenzi. Yumkini hakuna lililo bora kuliko jingine, ila mwalimu anayefundisha usemi wa "kutia ufunguo" sasa ana la kuwaeleza wanafunzi wake.

Tundu la ufunguo likazibwa. Likabaki tundu la ufito wa kile kichwa, pamoja na ufa mwembamba unaozunguka kifuniko cha nyuma na pete ya kioo. Mwaka 1891 François Borgel wa Geneva alipata hataza ya kasha ambalo mtambo wake huingizwa kwa hesi kutoka upande wa mbele, kama kifuniko cha chupa kinavyozungushwa. Nyuma yake hapakuwa na bawaba wala kifuniko. Makasha ya namna hiyo yalitumiwa sana na askari katika vita vya 1914–1918, vita ambavyo viliitoa saa mfukoni na kuiweka mkononi, mahali penye matope na vumbi zaidi. Watengenezaji wengine walijaribu kuifungia saa nzima ndani ya kijaluba chenye kifuniko cha hesi. Vumbi halikuingia kijaluba kilipofungwa, lakini ili saa itiwe ufunguo ilibidi kijaluba kifunguliwe kila siku, na hesi zikalika.

Aliyelikabili tatizo hili kwa ukali zaidi ni John Harwood, fundi saa wa Kiingereza. Katika kazi yake ya kutengeneza saa zilizoharibika aliona kwamba uchafu na unyevu ulikuwa ukiingia kwa kuufuata ufito wa kichwa. Uamuzi wake ulikuwa kukiondoa kichwa chenyewe. Ndani ya kasha aliweka uzito uliochezacheza kila mvaaji alipousogeza mkono, ukaikaza kamani. Na akrabu zilirekebishwa kwa kuizungusha pete ya kioo. Aliomba hataza Uswisi mwaka 1923, na saa zake zikauzwa kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920. Kampuni yake ilianguka mwaka 1931 katika mdororo mkuu wa uchumi. Leo Harwood hutajwa kama baba wa saa ya mkononi inayojikaza yenyewe, na wanaomtaja husahau kwamba alichokuwa akikitafuta hasa ni kuziba tundu.

Hans Wilsdorf wa kampuni ya Rolex alifuata njia nyingine. Alinunua haki za hataza ya Paul Perregaux na Georges Peret ya mwaka 1925, iliyohusu kichwa kinachofungwa kwa hesi juu ya kasha, na mwaka 1926 akatoa saa aliyoiita kwa jina la chaza. Tarehe 21 Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, aliyekuwa amekwisha kuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari ulio baina ya Uingereza na Ufaransa mapema mwezi huo, aliingia tena majini akiwa na saa hiyo shingoni. Baridi ilimzuia kufika ng'ambo, akatolewa baada ya zaidi ya saa kumi. Saa ilikuwa ikienda sawasawa. Tarehe 24 Novemba Wilsdorf alilipia ukurasa wa kwanza wa gazeti la *Daily Mail* kuitangaza habari hiyo. (Jina la chaza lilichaguliwa vizuri kuliko pengine ilivyokusudiwa, maana chaza naye hujifungua ili ale. Mpaka Rolex ilipotoa saa inayojikaza yenyewe mwaka 1931, mwenye saa ya chaza alilazimika kukifungua kichwa kila siku, na aliyesahau kukirudisha alikuwa na kasha lililo wazi.)

Hapa ndipo majina yalipobadilika tabia. Kofia na kibeseni vilitoweka katika matangazo, yakaja maneno yaliyotaja matokeo: saa isiyoingia vumbi, saa isiyoingia maji. Jeshi la Uingereza lilipoagiza saa za askari katika Vita vya Pili vya Dunia, migongo yake iliandikwa W.W.W., kifupi cha maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya saa, ya mkononi, isiyoingia maji. Lakini kilichozuia vumbi na maji kilikuwa gome la mti wa kizibo, risasi, na baadaye mpira. Mpira hukauka na kupasuka. Neno lililochongwa mgongoni halichakai.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliwataka wauzaji waache kutumia neno hilo la "isiyoingia maji". Kipimo cha kimataifa ISO 2281 cha mwaka 1990, ambacho mahali pake sasa pana ISO 22810 cha mwaka 2010, kinaitambua saa inayohimili maji kwa masharti ya upimaji yaliyotajwa. Ama kuhusu vumbi, kipimo kilicho wazi zaidi si cha saa bali cha vifaa vya umeme: IEC 529 cha mwaka 1976, ambacho leo ni 60529. Humo tarakimu 5 ni ya kifaa ambacho vumbi huweza kukiingia, ila si kwa kiasi cha kuharibu kazi yake. Na 6 ni ya kifaa ambacho vumbi halikiingii kabisa. Kifaa hupimwa ndani ya sanduku lenye poda laini ya talki inayopeperushwa.

Tofauti hii ina uzito wa pekee katika Kiswahili kwa sababu ya kiambishi -si- cha kirejeshi. "Isiyoingia vumbi" haina wakati wala kiasi: ni leo, ni mwakani, ni kwa vumbi lote. Mtumishi anayeandika masharti ya kununua mita za maji au redio za magari ya doria, akilitumia neno hilo kwa tarakimu 5, ameliahidi shirika lake kitu ambacho muuzaji hakukiahidi, na mgogoro ukifika mahakamani huenda muuzaji ndiye akashinda. Tunapendekeza "-nayokingwa na vumbi" kwa 5, "-siyoingia vumbi" kwa 6 peke yake, na "-nayohimili maji" kwa saa za kipimo cha ISO, pamoja na kina kilichoandikwa. Mfasiri wa tangazo la mwaka 1927 ana kazi nyingine: yeye aandike "isiyoingia maji" kama mtangazaji alivyosema, na mwaka wa tangazo uonekane kando yake.