Lifti za viti kwenye milima ya theluji: mambo wanayokutana nayo wahudumu wake

Ukimwambia mkulima wa Bukoba au Kisii kwamba mashine inayowapandisha watu kwenye milima ya theluji ilitokana na mkungu wa ndizi, atadhani unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific ya Marekani ilikuwa ikijenga kituo cha mapumziko cha Sun Valley, jimboni Idaho, na ilihitaji njia ya kuwafikisha wageni juu ya mlima ili washuke kwa kuteleza. Mhandisi wake, James Curran, aliufahamu mtambo uliotumika katika nchi za joto kupakia ndizi melini: waya mrefu unaozunguka bila kusimama, una ndoano, na kila ndoano inabeba mkungu. Akaondoa ndoano, akaweka viti.

Tatizo ni kwamba mkungu haulalamiki ukizolewa kwa kishindo. Binadamu je? Majaribio yalifanyika wakati wa kiangazi mjini Omaha, mahali tambarare pasipo na theluji hata chembe. Kiti kilifungwa ubavuni mwa lori. Mtu alisimama kwanza juu ya majani makavu yaliyomwagiwa mafuta, na baadaye akavaa viatu vya magurudumu, kisha lori likaja kumzoa kwa nyuma. Waliopita njia siku hiyo sijui walifikiri nini, lakini mwendo unaofaa ulipatikana kwa njia hiyo.

Lifti gani hasa?

Hii si lifti ya ghorofani, wala si ile unayoomba barabarani ukiwa umechelewa gulio. Ni waya mnene wa chuma uliounganishwa ncha kwa ncha, unaozunguka kati ya magurudumu mawili makubwa, moja chini ya mlima na jingine juu. Katikati unashikiliwa na nguzo zenye roda. Viti vinaning'inia kwenye waya, vingine vya watu wawili, vingine vya watu wanne, sita au hata wanane. Injini ya umeme huuzungusha, na injini ya dizeli hukaa tayari umeme ukikatika.

Ipo na lifti ya zamani zaidi, ya kukokota. Mwaka 1908, katika kijiji cha Schollach kwenye Msitu Mweusi nchini Ujerumani, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Robert Winterhalder aliona wageni wake wanahema kupanda kilima. Alikuwa na kinu kinachoendeshwa kwa maji. Akakiunganisha na waya, wageni wakaushika na kuvutwa hadi juu. Lifti za kukokota za leo zina kipande cha chuma au mbao chenye umbo la herufi T iliyopinduliwa, ambacho watu wawili hukiegemeza nyuma ya mapaja. Hapa ndipo mhudumu anapoanza kuona vichekesho: mtu mrefu akipangwa na mtoto, mti uleule unamshika mmoja magotini na mwingine mgongoni, na safari nzima wanasukumana kama mbuzi waliofungwa kamba moja.

Sekunde chache za hatari

Kazi ya mhudumu inaonekana rahisi. Anasimama, anatazama, mkono hauko mbali na kitufe chekundu. Lakini kiti cha lifti ya kawaida hakisimami kupakia. Kinakuja kwa zaidi ya mita mbili kwa sekunde, na mtu aliyevaa mbao ndefu miguuni anatakiwa awe amefika mahali pake, ameangalia nyuma, na akae. Mwenye mazoea hafikirii. Mgeni anasimama katikati ya njia kupiga picha. Mwingine anakalia ukingo tu. Mwingine mkanda wa begi lake unanasa kwenye kiti, na atakapotaka kushuka juu kiti kitaondoka naye.

Hilo la begi si hadithi. Januari 2017, kwenye mlima wa Arapahoe Basin jimboni Colorado, mtu mmoja alishuka kwenye kiti lakini begi likabaki limenasa, mkanda wake ukamkaba shingoni, naye akaning'inia hewani hadi akapoteza fahamu. Lifti ilisimamishwa. Waliokuwa chini walijaribu kumfikia wakashindwa. Kijana mmoja aliyekuwa na mazoea ya kutembea juu ya kamba akapanda nguzo, akajiburuta juu ya waya hadi kwenye kiti kile, akarushiwa kisu, akaukata mkanda. Mtu yule alipona.

Miaka miwili baadaye, Februari 2019, ilikuwa zamu ya mtoto wa miaka minane huko Grouse Mountain, karibu na Vancouver nchini Kanada. Aliteleza kutoka kwenye kiti, akabaki akining'inia huku baba yake amemshika. Wavulana watano waliokuwa chini waling'oa wavu wa plastiki uliotumika kama uzio, wakautandaza, wakamwambia mtoto avue mbao zake miguuni, kisha aachiliwe. Akaangukia wavuni.

Ndiyo maana mhudumu mzuri hatazami mandhari wakati wa kupakia. Anatazama nywele ndefu, skafu, mikanda inayoning'inia, na uso wa mtoto anayeogopa kusema kwamba anaogopa. Akiona shaka anabonyeza. Watu waliokwama hewani watanung'unika, na baadhi wana maneno makali, lakini kunung'unika hakuvunji mfupa. Huko juu, baada tu ya sehemu ya kushukia, kuna kizuizi chepesi: anayesahau kushuka anakigusa kwa mguu na lifti inasimama yenyewe. Kila siku kuna wanaokigusa.

Breki nazo si za mapambo. Upande unaopanda umejaa watu, upande unaoshuka viti vitupu, kwa hiyo uzito wote unataka kurudi nyuma. Machi 2018 huko Gudauri, Georgia, lifti ilifanya hivyo hasa: viti vikarudi kinyumenyume kwa kasi, watu wakiruka kabla ya kufika chini ambako viti vilikuwa vikirundikana. Kadhaa walijeruhiwa. Hakuna aliyekufa.

Kabla wateja hawajafika

Siku ya mhudumu huanza gizani. Barafu inagongwa itoke kwenye viti, theluji inapigwa koleo ili njia ya kupakia iwe sawa, kisha wafanyakazi wanapanda kiti cha kwanza kukagua waya na nguzo. Hapo ndipo mlima unapowaonyesha mambo yake. Nyayo za mbweha zimepita chini ya lifti usiku kucha. Katika Marekani Kaskazini wanaweza kumkuta musi, mnyama wa jamii ya paa mwenye kimo cha farasi, amesimama katikati ya njia na hana haraka. Huyo hafukuzwi, anasubiriwa.

Mara nyingine bonde lote limezibwa na ukungu, nao wanatoka juu yake kwenye jua kali, mawingu yametandazwa chini kama bahari. Hii hutokea hewa baridi inapotuama bondeni na hewa ya joto kuifunika kwa juu. Jua likiwa mgongoni na ukungu mbele, mtu huona kivuli chake kimekuwa jitu, na kichwa kimezungukwa na pete za rangi za upinde wa mvua. Wajerumani wanakiita kivuli hicho mzuka wa Brocken, kwa jina la mlima wao wenye urefu wa mita 1,141. Kila mtu huona pete kwenye kichwa chake mwenyewe tu, si cha mwenzake, kwa sababu mwanga unarudishwa na matone moja kwa moja kwenye macho yake. Siku za baridi kali, vipande vidogo vya barafu vinavyoelea hewani hulifanya jua lionekane kama yako matatu.

Watu nao ni mandhari. Mbwa wa kutafuta waliofukiwa na maporomoko ya theluji hupanda lifti wakiwa wamepakatwa na walezi wao, watulivu kuliko abiria wengi. Wasioona huteleza wakifuata sauti ya kiongozi. Huko Oukaïmeden, Morocco, punda hubeba wateja kando ya lifti. Na katika vituo kadhaa vya Marekani kuna mti mmoja chini ya waya ambao abiria wameutundika shanga na sidiria hadi matawi hayaonekani. Nani alianza, kila kituo kina kisa chake.

Hata wahudumu wenyewe humshangaza mgeni. Wengi katika vituo vya Marekani ni wanafunzi kutoka Peru na Argentina, kwa kuwa likizo yao ndefu ya chuo huangukia Desemba hadi Machi, majira ya baridi ya kaskazini. Theluji ikiyeyuka huonekana ilichokuwa imeficha chini ya viti: glovu, simu, fimbo za kutelezea. Katika milima ya Alps hufuata ng'ombe, na kengele zao shingoni, wakijikuna kwenye nguzo zilezile.

Kiti cha mwisho

Jioni kuna kazi moja isiyo na kicheko. Mhudumu wa chini akishampakia abiria wa mwisho anampigia wa juu na kumtajia namba ya kiti. Wa juu haondoki hadi namba hiyo ipite mbele yake ikiwa tupu. Januari 2024, karibu na ziwa Tahoe huko California, mwanamke mmoja alipanda kibanda cha waya jioni ili ashuke mlimani, mtambo ukazimwa akiwa bado ndani. Hakuwa na simu. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka, akasugua mikono na miguu asigande. Alikutwa hai asubuhi mtambo ulipowashwa, baada ya takriban saa 15.