Magadi, Tungsteni na Thamani ya Ziwa Natron: Mfano wa Engaresero

Tungsteni huyeyuka katika nyuzijoto 3,422 za Selsiasi, na kwa sababu hiyo hutengenezewa elektrodi za kuchomelea na za kuchongea metali ngumu kwa cheche za umeme. Hata hivyo, uimara huo una mpaka. Elektrodi hiyo ikifanywa anodi katika mmumunyo wa chumvi usio na alkali, hufunikwa na utando wa oksidi unaozuia umeme kuendelea kuila. Katika mmumunyo wa alkali, utando huo humumunyika na metali huendelea kulika. Kwa kemia iyo hiyo, viwanda hutumia magadi kutoa tungsteni katika mawe yake. Hoja ya insha hii ni kwamba matumizi ya kiwandani, hata yawe mengi kiasi gani, hayatoshi kupima thamani ya magadi ya Engaresero.

Kijiji cha Engaresero, wilayani Ngorongoro, kipo kusini mwa Ziwa Natron, karibu na Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai. Mwaka 1962 mwanajiolojia J. B. Dawson alichapisha maelezo ya lava ya mlima huo, yenye kaboneti ya sodiamu kwa wingi. Hakuna volkano hai nyingine inayojulikana kutoa lava ya aina hiyo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, kampuni ya kuchimba magadi ilikuwa imeanzishwa katika Ziwa Magadi tangu 1911. Natron ilifikiwa na mpango wa namna hiyo karibu karne moja baadaye, pale Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals walipokusudia kujenga kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka.

Mpango huo ulipingwa kwa sababu ya heroe wadogo. Natron, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2001, ndiyo mazalia yao makuu Afrika Mashariki. Viota vyao hujengwa juu ya gamba la magadi katikati ya maji makali ambayo wanyama wawindaji huogopa kuyavuka. Kwa hiyo, ualkali unaothaminiwa kiwandani kwa kumumunyisha ndio unaolinda vifaranga ziwani. Tata ilijitoa mwaka 2008, na baadaye serikali ikaelekeza mpango wa magadi Engaruka.

Uamuzi huo haukuifuta thamani ya kiuchumi ya magadi; uliihamishia mahali pengine. Kwa Engaresero, magadi yalibaki na kazi yaliyokuwa nayo kabla ya kiwanda chochote kufikiriwa.