Adhabu, Adabu na Gereza

Maneno adhabu na adabu hukaribiana mno kwa sauti, hata wasemaji wengi huyadhania kuwa ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini mashina yake ni mbalimbali. Adhabu ni mateso, na ndilo neno la Kurani kwa mateso ya Akhera. Adabu ni malezi na mwenendo mwema; Waarabu huiita hata fasihi kwa jina hilo.

Katika Kiswahili yamekutanishwa na fimbo. "Kumtia mtu adabu" aghalabu si kumfunza bali ni kumchapa, na hivyo mateso yakavikwa kanzu ya malezi. Kanzu hiyo iliwafaa sana watawala wa kikoloni. Katika Tanganyika ya Wajerumani kiboko kilikuwa mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo, na "hamsa wa ishirini" ikawa hesabu ya mapigo iliyotisha kuliko sheria yoyote iliyoandikwa.

Neno gereza lina safari ya ajabu zaidi. Wataalamu wengi hulitoa katika Kireno igreja, yaani kanisa. Pwani lilipata maana ya ngome, na ngome ya Kilwa Kisiwani ingali ikiitwa Gereza. Kisha ngome zenyewe zikafanywa jela: Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitumiwa hivyo na Waingereza tangu 1895 hadi 1958, ile ya Lamu tangu 1910 hadi 1984. Basi neno lilifuata matumizi ya jengo.

Yafaa pia kutofautisha fidia na faini. Fidia humwendea aliyedhulumiwa au jamaa zake. Faini, neno la Kiingereza, huingia katika hazina ya serikali. Kwa maoni yangu badiliko hili ni zito kuliko la kiboko, kwani hapo mdhulumiwa aliondolewa katika kesi yake mwenyewe akabakizwa kuwa shahidi tu.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, ikaviondoa mahakamani mwaka 2003, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, ikakataza adhabu ya viboko kabisa. Mabishano hayakwisha. Wanaoitetea fimbo, hata hivyo, ni nadra kulitamka neno adhabu. Wao husema adabu.