“Waziri Akiona”: Kitenzi Kilichofunga Magazeti

Wapenzi wa lugha tumezoea kuitazama historia ya magazeti yetu kwa jicho la ushairi. Tunalikumbuka Mambo Leo, gazeti la Serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, kwa kuwa malenga wa Tanganyika walipata humo ukumbi wa tungo zao. Mara chache tunamkumbuka bawabu aliyesimama mlangoni pa ukumbi huo na wa kumbi zilizofuata. Nataka leo tumtazame bawabu huyo, na hasa kitenzi alichokabidhiwa: kuona.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kutokana na makala yake katika Sauti ya TANU iliyowashutumu watawala wa wilaya. Alitiwa hatiani, akaamriwa alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita, faini ikalipwa. Sheria ilikuwa ya mkoloni na hukumu ilikuwa chungu. Hata hivyo palikuwa na shtaka lililosomwa, ushahidi uliohojiwa, na wakili, D. N. Pritt wa Uingereza, aliyesimama kumtetea.

Uhuru ulipokuja, mlango haukupanuka. Mwaka 1968 sheria ya magazeti iliyorithiwa kwa mkoloni ilirekebishwa, Rais akapewa uwezo wa kulisimamisha gazeti. Kisha ikaja Sheria ya Magazeti ya 1976, na uwezo huo ukawekwa mikononi mwa waziri. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili chetu kifungu cha 25 kilikuwa na maana hii: Waziri akiona kuwa ni kwa manufaa ya umma, au kwa ajili ya amani na utulivu, aweza kuamuru gazeti likome kuchapishwa.

Katika miaka yangu ya kufundisha sarufi niliwahimiza wanafunzi wautafute uzito wa sentensi pale ulipo “-ki-” ya masharti. Hapa sharti ni “akiona”. Lau lingekuwa “ikithibitika”, msomaji angeuliza mara moja: kwa ushahidi gani, na mbele ya nani? “Akiona” haidai jibu la maswali hayo. Anayeona ni mtu mmoja, na aonavyo ndivyo sheria isemavyo. Kwa uwezo huo MwanaHALISI lilifungiwa Julai 2012 pasipo kikomo, na Mseto likafungiwa Agosti 2016 kwa miaka mitatu.

Wapo wasemao kuwa kalamu isiyo na mipaka huua, nao hawasemi uongo. Nchini Rwanda gazeti la Kangura lilipanda chuki iliyovunwa kwa damu mwaka 1994. Lakini tukumbuke mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa vipi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoketi hapa kwetu Arusha, iliwasikiliza mashahidi kwa miaka kadhaa kabla ya kutoa hukumu Desemba 2003. Uchochezi ulithibitishwa. Katika mji huohuo, Juni 2018, Mahakama ya Afrika Mashariki iliipima amri iliyolifunga Mseto, ikaona kuwa waziri alitoa maoni yake bila kueleza gazeti liliyadhuru vipi manufaa ya umma. Amri ikahesabiwa kuwa imevunja Mkataba wa Jumuiya.

Sisi watunzi tunaweza kudhani kuwa hayo ni ya waandishi wa habari. Sivyo. Mwandishi asiyejua bawabu ataona nini kesho huanza kuandika kwa mafumbo. Fumbo ni pambo letu na ni silaha yetu ya kale. Lakini habari ya dawa zilizokosekana hospitalini, au ya fedha za shule zilizopotea, haipaswi kufumbwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, walisema wahenga. Mwenye mgonjwa mlangoni hana nafasi ya kugangua; anataka kuelezwa waziwazi.

Sheria ya 1976 ilifutwa mwaka 2016 na Sheria ya Huduma za Habari. Mahakama ileile ya Arusha ilivikuta vifungu vyake kadhaa vikipingana na Mkataba mwaka 2019, na Bunge likarekebisha baadhi yake mwaka 2023. Februari 2022 magazeti manne, MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yalirudishiwa leseni. Nilifurahi, ila furaha yangu ilikuwa na doa: yalifunguliwa kwa kauli ya waziri, na kilichofunguliwa kwa kauli chaweza kufungwa kwa kauli.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Kazi ya kuzisoma sheria hizo sasa ni yetu pia, sisi tunaokesha tukipima mizani na kuchagua neno. Tusiziachie wanasheria peke yao. Kila tunapokuta “akiona”, tudai pakae “ikithibitika”.