Singa za Farasi na Ngata za Wapagazi

Farasi anayepelekwa uwanja wa maonyesho huanza kutayarishwa alfajiri, na sehemu imchoshayo saisi kuliko zote ni shingo. Singa huchanwa, zilizozidi urefu huchomolewa chache chache hadi zilingane, kisha hutiwa maji zipate kulala upande mmoja. Baada ya hapo hugawanywa mafungu sawasawa. Kila fungu husukwa, likakunjwa na kushonwa kwa uzi wenye rangi ya singa zenyewe, hata shingo nzima ikawa na safu ya vifundo. Hiyo ndiyo desturi ya Waingereza kwa farasi wao wa kuwindia. Farasi wa Kiarabu ana utaratibu mwingine: huonyeshwa singa zikiwa wazi, zimeoshwa na kuchanwa tu, ili zipeperuke anapokwenda mbio. Waajemi na Wahindi nao walizoea kumtia farasi hina siku za sherehe. Njia ni tatu, maana ni moja: mnyama wa wakubwa hupambwa ili watu wajue ni nani aliye juu ya mgongo wake.

Lugha ya Kiswahili inazijua habari hizi. Inaye saisi, inazo hatamu, lijamu na seruji. Na kwa unywele mrefu ulionyooka, wa mtu au wa mnyama, inalo neno usinga. Hata neno la utawala limetoka mgongoni mwa farasi, kwani chama tawala cha Tanzania kilipotaka kutangaza ukuu wake kilisema kimeshika hatamu. Watunzi wa tenzi nao waliwapitisha farasi wa vita mbele ya wasikilizaji wao tangu zama za Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728. Ajabu ni kwamba pwani iliyoyahifadhi maneno hayo, na hasa upande wake wa kusini, kutoka Kilwa hadi Lindi, haikupata kuwa nchi ya farasi.

Jambo hilo lilionekana mapema. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hii kwa mara ya mwisho yapata mwaka 916, aliandika kwamba nchi ya Zanji haina farasi, wala nyumbu, wala ngamia. Watu wake, alisema, hupanda ng'ombe waliotiwa matandiko na hatamu, na juu ya ng'ombe hao huenda vitani. Sababu haikujulikana kwa karne nyingi. Mwaka 1895 tabibu wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliyekuwa nchi ya Wazulu, aligundua kwamba ugonjwa wa nagana huenezwa na mbung'o. Misitu na vichaka vya nyuma ya Kilwa na Lindi ni makao ya mbung'o. Farasi aliyeumwa humo hukonda, manyoya yake hupoteza mng'aro, akaanguka baada ya wiki au miezi.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi vya kutoa. Siku ya Ijumaa, Sultani akitoka kuswali, alikutana njiani na fakiri kutoka Yemen, naye akamwomba nguo alizozivaa. Sultani alirudi nyumba ya khatibu, akazivua, akampa. Fakiri akazifunga kitambaani, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu walipomsifu Sultani kwa ukarimu huo, mwanawe alizirudisha nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Baba naye akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kutoka Kilwa msafiri alipanda chombo hadi Dhofar, akaona bandari inayopeleka farasi bora Bara Hindi. Na alipofika Delhi miaka michache baadaye, alikuta mfalme anayetunuku watu mavazi na farasi. Mfalme wa Kilwa alitoa mavazi pia, lakini penye farasi aliweka watu. Katika kisa chote cha Kilwa hakuna farasi. Kipo kichwa kilichotwikwa.

Unguja ilikuwa na bahati nyingine. Sayyid Said bin Sultan alileta farasi kutoka Arabuni, na Salme binti yake, katika kumbukumbu alizozichapa mwaka 1886, anasimulia jinsi watoto wa kasri walivyofunzwa kupanda: wavulana wakapewa farasi, wasichana punda wakubwa weupe wa Maskati. Mwaka 1840 Sayyid Said alipeleka farasi wawili wa Kiarabu New York katika jahazi la Sultana, wawe zawadi kwa Rais Van Buren. Sheria ya Marekani haikumruhusu Rais kuwachukua. Wakauzwa, fedha zikaingia hazina.

Lakini fahari hiyo iliyovuka bahari hadi Marekani haikuweza kuingia bara kutoka Kilwa Kivinje, bandari iliyokuwa chini ya utawala huo huo. Hapo misafara ilifika kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na kila ilichokileta kililetwa na watu. Wengine walikuwa wafanyabiashara wa Kiyao na wapagazi wao, waliojitwika pembe kwa hiari. Wengine walikuwa watumwa, wenyewe wakiwa bidhaa, hadi mkataba wa mwaka 1873 ulipopiga marufuku kuwasafirisha baharini. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70. Baina ya mzigo na utosi palikuwa na ngata tu: kitambaa au majani yaliyosokotwa mduara.

Ngata iliendelea kufanya kazi ya farasi baada ya Wadachi kushika nchi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru. Wanyama wa kukokota wasingeishi kwenye mbung'o, kwa hiyo zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilichukuliwa na wapagazi hadi Lindi, mwendo wa siku nne hivi, zikapakiwa melini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kiunzi kilichounganishwa Berlin kina urefu wa mita 13 na zaidi, na mgeni anayekitazama huinua macho juu. Kila mfupa wake ulishuka Lindi juu ya watu.

Kisha ilikuja vita. Majeshi ya Waingereza yaliteka Kilwa na Lindi mwezi Septemba 1916, na mwaka 1917 yakaingia bara, kukiwa na wapanda farasi miongoni mwao. Hao ndio farasi wengi walioonekana nchi hiyo, na hawakuja kuchanwa singa. Walipewa dawa ya aseniki, si kwa kuwaponya bali kwa kuchelewesha kifo, hadi kazi yao iishe. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki farasi, nyumbu na punda walikufa kwa makumi ya maelfu. Walipoanguka, mizigo haikubaki njiani, ilihamia vichwani. Kwa hesabu rasmi ya upande wa Waingereza, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Kumbukumbu yao kubwa si jiwe bali soko: Kariakoo ya Dar es Salaam, jina lililotokana na jeshi la wapagazi. Wanaonunua na kuuza humo hulitamka kila siku pasipo kumkumbuka aliyejitwika.

Ushairi wa Kiswahili umemtendea farasi hisani kubwa. Umemtandika, umemtia lijamu, umemwendesha vitani, ilhali wengi waliousikiliza hawakuwahi kumwona. Mpagazi wa Kilwa na Lindi walimwona kila siku akipita mlangoni. Kama singa zilistahili beti nyingi hivyo, ngata nayo ina haki yake: hufungwa asubuhi, hukandamizwa kutwa, na jioni hufunguliwa ikarudi kuwa kitambaa cha kufutia jasho.